Ngama nusu tupu na chifu kasimamisha mkanda: meli ilikuwa imejaa ama haijajaa?

Swali nililoletewa ni refu, nalifupisha: "Binamu yangu alifanya kibarua kwenye meli iliyokuwa inapakia ule mchanga mweusi wa Kwale pale Likoni, Agosti 2019. Anasema ukichungulia ngama, yaani tumbo la meli linapowekwa mzigo, kutoka juu uliona vilima vifupi tu vya mchanga kule chini na nafasi kubwa imebaki tupu, lakini chifu ofisa, yaani msaidizi mkuu wa nahodha, akaamuru mkanda wa kupakia usimame na meli ikaondoka hivyo hivyo kwenda China. Vijana walidhani ni maringo, ama kuna kitu alikuwa anataka. Je, ule mchoro wa duara ubavuni ndio unaoamua? Na kama meli inaelea vizuri, ikizama sentimita tano zaidi kuna ubaya gani?"

Ndugu yangu, mwambie binamu yako meli ile ilikuwa imejaa, tena pomoni. Mimi nimekaa baharini miaka mingi kama ofisa wa sitaha kisha nikashuka nikawa napima drafti za meli bandarini, na swali hili nishaulizwa na makuli, na madereva wa malori, hata na wenye mzigo wenyewe wakiwa wamekasirika, kwa hivyo ntakujibu pole pole.

Meli inajaa kwa njia mbili. Kuna kujaa nafasi na kuna kujaa uzito. Pakia pamba, ngama zitafika mpaka kwenye mifuniko na meli bado itakuwa imekaa juu juu ya maji kama kopo tupu. Pakia ilmenaiti, yaani ule mchanga mweusi wenye titani, na meli itafika mwisho wake wakati ngama ukizitazama unaona kama kazi ndo kwanza inaanza, manake tani nzima ya mchanga ule inaingia kwenye nafasi isiyofika hata nusu mita ya ujazo. Macho ya mtu wa nchi kavu yanaangalia nafasi, macho ya chifu yako nje kwenye maji.

Tuweke namba ndo tuelewane. Chukua meli ya urefu wa mita 180 na upana wa mita 30, meli ya kawaida tu ya mzigo wa kumwaga. Drafti ni kile kipimo cha kutoka chini kabisa ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chini wa meli, mpaka usawa wa maji. Meli hii ikikaa kwenye drafti ya mita 10.8, ukijumlisha chuma chake, mzigo, mafuta, maji na mabaharia na mizigo yao, uzito wote ni karibu tani 50,000, na ni lazima iwe hivyo kwa sababu meli inaelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake, kanuni ile ya Archimedes tuliyokaririshwa shuleni bila kuona meli. Ongeza mzigo na meli inashuka mpaka isukume maji mengine ya uzito ule ule ulioongeza. Kwa meli ya saizi hii kila sentimita moja ya kushuka ni kama tani 50. Ofisa yeyote anaijua namba hiyo ya meli yake hata ukimuamsha usiku wa manane. Kwa hivyo sentimita tano zako ni tani 250, na kama lori linabeba tani 28 basi hayo ni malori tisa, na kwenye ubavu wa meli hazifiki hata urefu wa kidole cha kati.

Sasa ubaya uko wapi. Meli yenyewe bado inaelea, na pale gatini maji yametulia kama ya kwenye beseni, kweli hutaona ubaya wowote. Ubaya uko mbele. Kile kipande cha ubavu kinachobaki kikavu, kuanzia maji mpaka sitaha, kazini tunakiita fribodi, mimi napenda kusema ubavu mkavu, ndio akiba ya meli. Chini yake kuna mwili wa meli uliofungwa, wenye hewa, ambao bado haujatumika kuelea. Wimbi likiinuka upande mmoja meli inazama kidogo kule na ile sehemu kavu ikiingia majini inasukuma, inaiinua meli tena. Maji yakiingia mahali, akiba ile ndo inayolipa. Ikilala upande, ubavu mrefu unaichelewesha sitaha isiingie majini, na sitaha ikishaingia majini nguvu ya meli ya kujirudisha inaanza kupungua. Alafu kuna jambo dogo ambalo watu hawaliwazii, sitaha ikiwa juu mawimbi yanapanda mara chache, na wimbi linalopanda sitahani si povu tu, kila mita ya ujazo ni zaidi ya tani moja ya maji, na linaangukia mifuniko ya ngama, mabomba ya hewa, na mtu kama yuko pale basi.

Kwa hivyo unapouliza meli inaweza kubeba kiasi gani bila kuzama, hilo swali halina faida, manake jibu lake ni mpaka maji yafike sitahani. Swali la baharia ni ibakishe ubavu mkavu kiasi gani ili ivuke bahari ile, msimu ule, na irudi. Na hilo si la nahodha kukadiria kwa jicho, limeshahesabiwa kabla meli haijaanza kazi, na jibu lake ndo lile duara.

Ukilitazama kwa karibu siku moja utapenda lilivyo. Liko katikati ya urefu wa meli, pande zote mbili. Juu kuna mstari mfupi wa sitaha, chini yake duara la milimita 300 kwa nje, na mstari wa milimita 450 umelikata katikati, unaohesabika ni ukingo wa juu wa mstari huo na unapita kwenye kitovu cha duara. Kutoka mstari wa sitaha mpaka hapo kwenye kitovu ndo fribodi ya majira ya joto. Pembeni ya mstari kuna herufi za chama kilichokagua meli, LR ni Lloyd's Register, BV ni Bureau Veritas, NK ni Wajapani, na kadhalika. Alafu milimita 540 kuelekea omo, yaani mbele ya meli, kuna kama ngazi ndogo ya vistari, kila kimoja milimita 230, na herufi zake: T ni tropiki, S ni majira ya joto na iko sawa na mstari wa duara, W ni majira ya baridi. Vile vinavyoelekea tezi, yaani nyuma ya meli, ni vya maji baridi, yale yasiyo na chumvi, F na TF. Meli zisizozidi mita 100 zina kimoja zaidi, WNA, cha Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi, milimita 50 chini ya W. Na si rangi tu. Alama zimechomelewa ama kupigwa kwenye chuma chenyewe, rangi inawekwa juu ili zionekane, kwa hivyo mtu akija na kopo na brashi usiku kuihamisha, chuma kitamsema.

Haya yote hayakuletwa na ukarimu wa wenye meli. Uingereza ya miaka ya 1870 ilikuwa na meli ambazo mabaharia walikuwa wakiziita majeneza, kuukuu, zimepakiwa mpaka sitaha inakaribia kulamba maji, na zimekatiwa bima nono kiasi kwamba mwenye meli hakuwa na cha kulia ikipotea. Baharia aliyekwisha kusaini mkataba akikataa kupanda alipelekwa jela. Mwenye biashara ya makaa ya mawe aitwaye Samuel Plimsoll, aliyekuwa mbunge wa Derby, ndo akalishikia bango jambo hilo, na Julai 1875 serikali ya Disraeli ilipotaka kuuweka kando mswada wa usalama wa meli alilipuka mle bungeni akawaita wenzake waovu, ikabidi aombe radhi baadaye, lakini wananchi walishasikia. Mwaka 1876 sheria ikapita kwamba kila meli iwe na alama. Sasa angalia ujanja wa dunia, sheria ile haikusema alama iwekwe wapi, mwenye meli alichagua mwenyewe! Ikachukua mpaka 1890 ndo mahali pake pakawekwa kisheria. Mwaka 1906 meli za kigeni zinazoingia bandari za Uingereza zikabanwa nazo, mwaka 1930 ukaja mkataba wa kimataifa, na huu tunaoutumia leo ni wa 1966, ulioanza kazi 1968. Mimi kila nikisoma habari za miaka ile kumi na nne kati ya 1876 na 1890 roho inaniuma, manake watu waliendelea kufa huku alama ikiwa imechorwa ubavuni mwa meli.

Turudi Likoni. Kwanini vistari viwe vingi? Kwa sababu bahari si moja. Mkataba umegawa dunia kwa kanda na misimu kulingana na upepo na mawimbi yanavyojulikana. Mombasa na Dar ziko kwenye ukanda wa tropiki mwaka mzima, kwa hivyo hapa kwetu meli inaruhusiwa kuzama mpaka kistari cha T, ambacho kiko juu ya S kwa sehemu moja ya 48 ya drafti ya majira ya joto. Kwa meli yetu ya mita 10.8 hiyo ni milimita 225, yaani zaidi ya tani 1,100 za ziada. Nadhani hapo ndo vijana waliona chifu anawaringia, manake maji yalikuwa hayajafika T.

Lakini meli haipakii kwa ajili ya bandari iliyomo, inapakia kwa ajili ya safari nzima. Ilikuwa Agosti na meli inakwenda China. Bahari ya Kusini ya China kutoka latitudo ya 10 kaskazini kwenda juu ni tropiki ya msimu, inahesabiwa tropiki kuanzia 21 Januari hadi 30 Aprili tu, miezi mingine yote ni S. Ni msimu wa vimbunga kule, watu hawakuweka tarehe zile kwa bahati. Kwa hivyo meli ikifika pale lazima kistari cha S kiwe hakijazama. Kitu pekee kinachopungua njiani ni mafuta na maji ya kunywa. Tuseme inakula tani 30 za mafuta kwa siku, na kutoka Mombasa hadi mstari ule wa latitudo ya 10 ni kama siku 15, hizo ni tani 450, gawanya kwa 50, unapata sentimita 9. Basi chifu anaweza kuondoka Mombasa na drafti iliyozidi S kwa sentimita 9 tu, sio 22. Zile nyingine 13 zipo ubavuni, zimechorwa, na hana ruhusa nazo kwa safari ile. Angekuwa anakwenda bandari iliyomo ndani ya tropiki mwanzo mwisho angezitumia zote. Hesabu hii kibarua aliye kwenye mkanda hawezi kuiona na wala hakuna anayemweleza, naye hana kosa.

Na hata zile 9 hazipati zote. Hapa nataka nikupeleke chini ubavuni manake ndipo kazi yangu ilipokuwa.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, mnashuka na kimashua, wewe na chifu ama kadeti wake, tochi mkononi. Mnasoma drafti sehemu sita: omo, katikati na tezi, kulia na kushoto. Namba zimeandikwa kwa mita na sentimita, kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10 na nafasi ya sentimita 10 katikati ya moja na nyingine, na ukingo wa chini wa tarakimu ndo kipimo chenyewe. Ukiona maji yanagusa chini ya 6 inayofuata 10M hiyo ni 10.60, yakifika nusu ya tarakimu ni 10.65, yakiifunika juu ni 10.70. Kwa maneno ni rahisi. Lakini maji hayakai, yanapanda na kushuka taratibu, feri moja ikikatiza huko mbele vijiwimbi vyake vinakufikia baada ya dakika, ubavu una majani na mafuta, tarakimu ya 8 imekwanguliwa na boya la gati imebaki kama 3. Unasubiri. Unaangalia inapopanda juu kabisa, inaposhuka chini kabisa, mara tano, mara sita, unachukua ya katikati, unamwambia mwenzako namba, naye anakwambia yake, na kama hamkubaliani mnasubiri tena. Sijawahi kumdharau mtu aliyenisubirisha pale kwa sentimita mbili.

Sasa tuseme tumepata omo 10.65, tezi 10.89, wastani wake 10.77. Katikati tukisoma tungetarajia 10.77 vile vile, lakini tunakuta 10.82. Maana yake meli imepinda. Chuma kinapinda ndugu yangu, hasa mzigo mzito ukikaa katikati, tumbo linashuka kama ubao uliokaliwa na mtu. Na duara la alama liko wapi? Katikati, pale pale tumbo liliposhuka! Kwa hivyo kupinda tu kumekula sehemu ya nafasi ya alama, tani ambazo mwenye mzigo alishazipigia hesabu. Ikipinda kinyume chake, katikati ikainuka na omo na tezi zikashuka, alama itaonekana iko salama wakati ncha mbili zimezama zaidi, na hiyo nayo ina mitihani yake. Bado kuinama upande: meli ya upana wa mita 30 ikilala digrii moja tu, upande mmoja unashuka sentimita 26 na mwingine unapanda vivyo hivyo, na sheria haikuhurumii kwa kuwa upande wa pili ni mkavu. Ndiyo maana mwisho wa kupakia unaona mkanda unasimama, unaanza, unasimama, chifu anahamisha mzigo mdogo ngama ya mbele, mdogo ya nyuma, akiinyoosha meli kama fundi nguo anavyonyoosha pindo. Vijana huona anawachosha.

Juu ya hayo mzigo mzito kama ule haumwagwi rundo moja hata kama nafasi ipo. Sakafu ya ngama ina kiwango chake cha tani kwa kila mita ya mraba. Na uzito wote ukikaa chini kabisa meli inakuwa ngumu mno, ikilala inarudi kwa ghafla kama mtu aliyegutuka usingizini, inarusha watu na kuchosha chuma. Kwa hivyo hata ile nafasi tupu ya juu ina maelezo yake.

Maji baridi nayo niyaseme haraka. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, mita ya ujazo ni kilo 1,025, ya mto ni 1,000, kwa hivyo meli ile ile ikiingia mtoni inazama zaidi bila kuongezewa hata gunia. Meli yetu tofauti yake ni milimita 250, unaipata kwa kugawanya uzito wote kwa mara nne ya ile namba ya tani kwa sentimita. Meli inayopakia Hamburg, kwenye mto Elbe, inaruhusiwa kuzama mpaka F, na ikitoka kwenye chumvi inajiinua yenyewe. Ndiyo maana kwenye kimashua tunakuwa na ndoo na kipimo cha kioo kinachoelea, tunachota maji ya pale pale tulipo na kuyapima, hatukisii.

Kuna jambo ambalo naona hata baadhi ya mabaharia wanalisahau. Alama ile imehesabiwa kwa masharti. Imechukulia kwamba mifuniko ya ngama inafunga, milango ya sitahani ina vizingiti vya kutosha, mabomba ya hewa yana vifuniko, na ile milango midogo chini ya kuta za sitaha ya kumwaga maji iko wazi. Masharti yakivunjika duara limebaki pambo. Nishawahi kupanda meli, siitaji, alama zake safi kabisa, drafti sawasawa, alafu nikakuta milango ile ya kumwaga maji imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka imegandana na fremu, haifunguki hata kwa nyundo. Wimbi likipanda pale maji yanabaki sitahani kama birika. Sikulala vizuri usiku ule mpaka serahangi, yule msimamizi wa mabaharia wa sitahani, na watu wake walipoifungua yote. Meli za mafuta zinaruhusiwa ubavu mkavu mfupi kuliko za mzigo mkavu kwa sababu hiyo hiyo, matundu yao sitahani ni madogo na yanabana.

Kisa kikubwa cha jambo hili ni cha Derbyshire, meli ya Waingereza iliyobeba mzigo mzito kama wa kwenu, madini ya chuma kutoka Canada kwenda Japani. Septemba 1980 ikakutana na kimbunga Orchid kusini mwa Japani, ikapotea na watu wote 44, hata wito wa kuomba msaada haukusikika. Miaka baadaye walipoipiga picha chini ya bahari na uchunguzi kufunguliwa upya, iliyokutwa na lawama si wingi wa mzigo. Mabomba ya hewa ya omo yalivunjwa na mawimbi, maji yakaingia vyumba vya mbele kidogo kidogo, omo ikashuka, na omo ikishashuka ule ubavu mkavu wa mbele umeisha, mawimbi yakawa yanaangukia mifuniko ya ngama mpaka ikabonyea. Baada ya hapo kanuni za nguvu ya mifuniko na za vifaa vya sitaha ya mbele zikakazwa. Sasa ukiniuliza sentimita tano zina ubaya gani, mimi nawaza omo ya meli ile.

Usije ukachukua pia kwamba alama ikiwa kavu basi meli haiwezi kupinduka. Alama inasema uzito, haisemi uzito umekaa wapi. Watu 50 wakihama kutoka chini kwenda juu drafti haibadiliki hata nukta lakini chombo kimebadilika kabisa. Na abiria wanahama, wanakimbilia upande mmoja, mchanga haukimbilii. Sisi wa huku tumezika watu wengi kwa hilo, MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, na MV Nyerere Septemba 2018, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kikapinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, watu wakiwa wanaona nchi kavu, wakafa 228. Ule mkataba wa 1966 ni wa meli za safari za kimataifa baharini, hauvigusi vyombo vya safari za ndani ya nchi kama hivyo wala meli mpya za chini ya mita 24, wala boti za uvuvi. Majahazi na mashua zetu nyingi basi zimebaki kwa sheria za nchi na jicho la nahodha, na mimi ningetamani sana kila chombo kinachobeba watu, hata kile cha kwenda kisiwani na kurudi, kiwe na mstari mmoja tu mnene ubavuni ambao abiria mwenyewe anaweza kuuona kabla hajapanda. Hauzuii kila kitu, lakini mama aliye na mtoto mgongoni ana haki ya kuona.

Na kuhusu kwamba chifu alikuwa anataka kitu. Fikiria nani anapata nini. Mwenye mzigo anataka tani zote ziende, mwenye meli analipwa nauli kwa tani, kwa hivyo kila anayempigia chifu simu alfajiri ile anataka aongeze, hakuna hata mmoja anayemwambia apunguze. Akikubali tani 250 hakuna atakayemshukuru baada ya wiki, lakini mkaguzi wa bandari ya kule akikuta alama imezama meli inazuiliwa, bima inaanza kuuliza maswali, na jina lililo kwenye karatasi ya drafti ni lake. Aliyesema basi pale ni yeye peke yake, na nyuma yake kuna kama watu ishirini wanaolala kwenye meli ile.

Mchanga wa Kwale umeisha, mgodi ulifungwa mwisho wa 2024, lakini meli za ngano na za klinka ya kutengenezea saruji bado zinapita hapo hapo mbele ya feri. Ukivuka siku moja simama upande wa mlango wa bahari. Meli inayoingia na mzigo itapita polepole sana, na si kwa ajili ya feri tu, meli ikikimbia kwenye maji yasiyo na kina kirefu inajivuta chini, ukipunguza mwendo nusu ule mvuto unapungua mpaka robo, na rubani anaijua kila sentimita iliyobaki chini ya mkuku. Tafuta katikati ya ubavu, chini kidogo ya sitaha. Inayoingia na mzigo utaona duara liko karibu na maji, mara limelowa wimbi likipita, mara limekauka. Inayotoka tupu duara liko juu kabisa, na chini yake ubavu mwekundu wote umetoka nje, inatembea na maji ya farumi tu, yale ya kuipa uzito ikiwa haina mzigo. Mchukue na binamu yako, umuoneshe kile kistari cha T na kile cha S, tofauti yake ni kama shubiri moja hivi.